Maswali ya Wasomaji: Nywele za spora zimeshonwaje?

SWALI: Nimesoma kwamba spora za bakteria wanaopatikana katika wali uliolala zina nywele za protini ambazo haziharibiki hata zikichemshwa. Ute wa yai nao ni protini, lakini ukiingia katika maji ya moto huganda papo hapo. Nywele hizi zimeundwaje? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Bakteria unaowazungumzia ni wa kundi la Bacillus cereus. Mazingira yakiwa magumu, hujigeuza spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi lililolala kama mbegu. Nywele za spora zao zilionekana kwa darubini ya elektroni tangu miaka ya 1960, lakini muundo wake ulikuja kujulikana mwaka 2021, watafiti wa Ubelgiji na Norway walipouchapisha. Unene wa aina ya nywele iliyo nyingi zaidi ni nanomita 11 hivi, maana yake nywele kama 6,000 zikipangwa ubavu kwa ubavu ndipo zitatosha upana wa unywele mmoja wa kichwani.

Aliyewahi kumtazama mshonaji wa mikeka hatapata taabu kuuelewa muundo huo. Ukili mmoja mrefu huzungushwa, na kila mzunguko hushonwa kwenye ule uliotangulia. Hapa ukili ni safu ya protini ndogo zilizoshikana ubavuni, kumi na moja na ushei katika kila mzunguko, na uzi wa kushonea ni mkia wa kila protini, unaofika hadi kwenye protini ya tisa na ya kumi nyuma yake na kufunga hapo fundo la salfa kwa salfa. Kati ya mzunguko na mzunguko hubaki upenyo mdogo, ndiyo maana unywele huweza kupinda bila kukatika. Nchani huchanua vinyuzi vinne au vitano vyembamba zaidi, ambavyo hudhaniwa kuisaidia spora kujishikiza mahali.

Jibu la swali lako limo katika mafundo hayo. Protini ya ute wa yai hujikunjua kwa joto kisha ikanasana ovyo na jirani zake, ilhali hizi zimefungwa kila upande, kwa hiyo kuchemsha, kukausha na hata vimeng'enya vya kusaga protini havizifumui. Nywele zetu nazo zina mafundo ya namna hiyo hiyo, na dawa za kulainisha nywele zinazotumika saluni hufanya kazi kwa kuyavunja.

Ugumu huo uliwasumbua hata watafiti, kwani protini isiyofumuka haisomeki kwa mbinu za kawaida za maabara. Ilibidi wazigandishe nywele ghafla, wazipige picha nyingi kwa darubini ya elektroni, kisha wakisie mpangilio wa amino asidi, yaani vijenzi vya protini, kutokana na umbo lililojitokeza, ndipo wakatafuta katika jenomu, yaani jumla ya jeni za bakteria huyo, jeni inayolingana na mpangilio huo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika habari hii.

Hata hivyo, tusizipe nywele sifa isiyo yake. Spora yenyewe huhimili moto kwa sababu kiini chake kina maji machache mno na kimejaa kalsiamu pamoja na asidi ya dipikoliniki. Sufuria ya wali ulioiva barabara bado huweza kubaki na spora hai, na wali huo ukilala jikoni ukiwa vuguvugu, spora hizo huchipua.