Matangazo ya kozi yakae sehemu moja

Umeuliza ufanyeje wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wasipitwe na taarifa katikati ya muhula. Mi naona chagua sehemu moja tu, ukurasa wa kozi, kila kitu kianzie hapo, maana ukitangaza hili darasani, lile kwenye imeili, lingine kwenye grupu la WhatsApp kuna mtu atalikosa tu na wala si kosa lake. Ukibadili swali la asaimenti andika juu kabisa nini kimebadilika na lini, mfano "fanksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) sasa irudishe listi tupu badala ya kosa", kwa sababu kuna aliyeshamaliza programu yake jana usiku. Na dedlaini usiseme saa sita usiku Ijumaa, watu watabishana usiku upi, andika Ijumaa 23:59.