Mgonjwa wa kiharusi na zile saa tatu za mazoezi

"Shikamoo daktari. Mama alipata kiharusi mwezi uliopita, upande wa kulia umelala na maneno hayatoki vizuri. Kliniki tunakwenda mara moja kwa wiki, nusu saa tu, na nauli ya kutoka Tandahimba hadi Mtwara mjini unaijua. Nimesoma kuwa Ulaya wanafanya mazoezi saa tatu kila siku. Sisi si tunajidanganya tu? Na choo chetu ni cha shimo, atakitumiaje?"

Marahaba. Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi tiba. Nakujibia hapa hadharani kwa sababu swali lako ndilo la Newala, la Masasi na la Lindi mjini pia.

Ulichosoma kimo kweli kwenye miongozo yao. Mwongozo wa kiharusi wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2023 unataka mgonjwa anayehitaji utengamao, yaani kusaidiwa kurudisha uwezo wa mwili, apewe angalau saa tatu za tiba kwa siku, siku tano au zaidi kwa wiki. Zamani waliandika dakika 45 kwa kila aina ya tiba. Kanada nao wanataka saa tatu. Australia wanataka hizo hizo tatu na wanaongeza sharti ambalo wengi hulipita haraka: angalau saa mbili kati yake ziwe za mgonjwa mwenyewe kufanya kazi. Rudia hapo. Mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo mchuaji anayekuja jioni na mafuta ya nazi hahesabiki. Kuchuliwa kwa upole hakuna ubaya, kunatuliza, lakini anayefanya mazoezi pale ni mchuaji. Ubongo hujenga njia mpya kwa kujaribu, kukosea na kurudia jambo lile lile mara nyingi. Inauma kuona pesa ya korosho ya msimu mzima imeishia kwenye chupa za mafuta, halafu mgonjwa hajawahi kusimamishwa kwenye kiti hata mara kumi kwa siku.

Sasa saa tatu utazitoa wapi? Zikate. Nusu saa mara sita, au robo saa mara kumi na mbili kama anachoka upesi. Kuoga, kuvaa na kula vinaingia humo ikiwa unamwachia afanye anachoweza. Ukimvalisha gauni kwa dakika mbili kwa sababu una haraka ya shamba, umemnyima zoezi. Aanze kuvaa mkono mgonjwa, amalizie mzima. Kuvua ni kinyume chake.

Zoezi ambalo ningelishika kwanza ni kuketi na kuinuka. Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, cha urefu wa sentimita 50 hivi, kiegemezwe ukutani. Kitanda cha kamba hakifai, kinabonyea. Nyayo zote mbili zikae chini, nyuma kidogo ya magoti, na mguu mgonjwa urudi nyuma kuliko ule mzima. Usipofanya hivyo mguu mzima utabeba mzigo wote na ule mwingine utabaki abiria. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Wengi hushindwa kwa sababu wanajisukuma kwenda juu kabla ya kuinama. Wewe simama upande wa ugonjwa. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Akizoea, shusha kiti kidogo kidogo mpaka sentimita 45, kisha chini zaidi.

Wakati wa kumwinua usimshike kwapani wala usimvute mkono. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na uzito wa mkono peke yake unatosha kushusha mfupa mpaka pengo la kidole kimoja lionekane chini ya ncha ya bega. Ukivuta hapo unaleta maumivu ambayo yatamfanya auache mkono huo kabisa. Funga khanga iliyokunjwa kiunoni, ushike hapo. Akiketi, mkono ulale juu ya mto au meza, usining'inie. Na kama mmepitisha kamba kwenye boriti ili mkono mzima uuvute ule mgonjwa juu, ishusheni leo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 unaikataa waziwazi.

Kwa vidole, nyumba ya Kusini haikosi vifaa. Weka korosho ghafi kwenye ungo, aziokote moja moja kuzitia bakulini, ahesabu kwa sauti. Maneno nayo yanapata zoezi. Leo 30, wiki ijayo 60. Asibangue: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na mkono uliopoteza hisia hautamwambia. Mafiga na chupa za maji moto ni hivyo hivyo.

Kuna mbinu ya kuufunika mkono mzima kwa glovu nene ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliijaribu kwa wiki mbili kwa watu 222, miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi, na ilisaidia. Lakini ilichukua wale tu ambao tayari waliweza kuinua kifundo cha mkono na kukunjua vidole kidogo. Kama vidole vya mama havikunjuki kabisa, kumfunga ule mzima ni kumtesa. Na glovu ivuliwe akitembea au akiwa karibu na moto.

Kuna ndugu wengine humwinua mgonjwa siku ile ile ya kwanza "asizoee kulala". Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, wagonjwa 2,104 katika hospitali 56, ulipima jambo hilo. Waliotolewa kitandani mapema, ndani ya saa 24, na kwa muda mwingi zaidi, walikuwa na hali duni kidogo baada ya miezi mitatu kuliko waliokwenda taratibu. Siku ya kwanza mgeuze kila baada ya saa mbili, basi. Baada ya hapo aketishwe muda mfupi mfupi, mara nyingi kwa siku.

Kabla ya uji, kabla hata ya kidonge, kumeza kwake kupimwe. Huko Uingereza wanataka kupimwe ndani ya saa nne tangu afike hospitali. Mkiwa nyumbani na una shaka, mketishe wima akiwa macho, mpe kijiko cha chai cha maji, subiri, kisha cha pili na cha tatu. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji, acha kabisa, arudi hospitali. Wengine hawakohoi, chakula kinaingia kifuani kimya kimya. Homa na kifua vikianza, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mdomo usafishwe asubuhi na jioni hata kama hali chochote.

Presha: lengo la wengi ni chini ya 130/80, na dawa ni ya kila siku hata akijisikia mzima. Kiharusi cha pili kinafuta kazi yote hii.

Usije ukafikiri naona kliniki haina maana. India walijaribu kuwafundisha ndugu wa nyumbani wafanye utengamao wenyewe, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, matokeo yakatoka mwaka 2017: baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti na wale wa huduma ya kawaida. Ndugu hachukui nafasi ya mtaalamu. Anachoweza ni kuzidisha idadi ya marudio ya zoezi alilopangiwa. Basi nenda na daftari: siku, idadi ya kuinuka, idadi ya korosho, palipouma. Ile nusu saa itumike kubadilisha zoezi, isiishie kwenye kuulizwa mnaendeleaje.

Uliuliza mwishoni kuhusu choo cha shimo, na hapo miongozo ya Ulaya haikusaidii sana. Chukua kiti cha mbao chenye miguu minne, toboa tundu katikati, kiweke juu ya shimo, miguu ichimbiwe kidogo isiteleze. Nguzo ya kushika iwe upande wa kushoto wake, kwenye mkono mzima.