Shule yetu ina watoto 84, ifungwe wahamie kijiji cha pili?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Huku kwetu Morogoro vijijini tuna shule ndogo, tofali tulifyatua wenyewe, watoto 84 kuanzia awali mpaka la saba, walimu watatu na mmoja yuko likizo ya uzazi. Sasa mkutanoni tumeambiwa iunganishwe na ya kijiji cha pili, kilomita sita hivi. Mume wangu anasema poa tu kule walimu wapo, mi moyo unagoma manake katikati kuna korongo. Tukubali au tukomae? Mama wa wawili.

JIBU: Marahaba mama. Baba watoto hajakosea, tuanzie hapo. Nimefundisha shule ya hivyo, unachora mstari wa chaki katikati ya ubao, kushoto la tatu kulia la nne, huku unaelekeza kugawanya kule washamaliza wanapigana, na siku malaria ikikulaza ndo madarasa mawili hayana mtu. Hela ndo usiseme, ruzuku ya elimu bila ada inahesabiwa kwa kichwa cha mtoto, 10,000 kwa mwaka, 6,000 ndo inaingia akaunti ya shule, inayobaki ni ya vitabu. Zidisha mara 84 uone, 504,000 mwaka mzima, chaki humo, mitihani humo, kitasa cha choo humohumo.

Ila mtoto wa la kwanza atembee kilomita 12 kwenda na kurudi, hapana jamani. Masika anafika viatu mkononi kalowa mpaka kiunoni, wiki inayofuata haji, baadae unamkuta anachunga mbuzi. Si ndo maana serikali yenyewe ilijenga shule shikizi, yaani vishule vidogo vya karibu na nyumbani vilivyo chini ya shule mama, zile hela za UVIKO za 2021 madarasa 3,000 yalienda huko.

Mi ningekuwa mkutanoni ningesema awali mpaka la nne wabaki hapohapo kama shikizi, la tano kwenda juu ndo wahame, hao miguu imekomaa, na walimu watatu kwa madarasa matano si haba. Ulizeni pia kama kule chakula cha mchana kipo, manake mtoto katoka alfajiri na chai kavu. Na huyo aliyewaambia muunganishwe mwambieni aje azitembee hizo kilomita sita mwezi wa nne, sio Agosti njia imekauka. Yaandikwe kwenye muhtasari yote hayo, na majengo yatakayobaki wazi yapangiwe kazi mapema, yakikaa matupu miezi sita tu mtakuta mpaka milango imeondoka.