Je, Nabii Malaki Alikuwa Malaika?

SWALI: Katika mafunzo yetu ya Biblia, mwenzetu mmoja alidai kwamba Malaki hakuwa binadamu, kwa kuwa jina lake kwa Kiebrania lina maana ya "malaika wangu". Je, ni kweli?

JIBU: Kuhusu jina lenyewe mwenzenu hakukosea, ila amelibebesha neno mzigo usio wake. Neno la Kiebrania ni mal'akh, lililotokana na mzizi wenye maana ya kutuma, ambao hauonekani kama kitenzi katika Agano la Kale lakini umehifadhiwa katika lugha za jamii yake, kikiwemo Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia. Mal'akh ni yeyote aliyetumwa kupeleka habari au kutekeleza agizo kwa niaba ya mwingine. Neno hutaja kazi, wala halisemi lolote kuhusu umbile la anayeifanya.

Someni 1 Wafalme 19. Katika mstari wa 2 Yezebeli anamtuma mal'akh kwa Eliya kumtishia kifo. Katika mstari wa 5, Eliya akiwa amelala chini ya mretemu, mal'akh anamgusa na kumwambia ainuke ale. Biblia za Kiswahili humwita wa kwanza mjumbe na wa pili malaika, na ni sawa kufanya hivyo, lakini msomaji wa Kiebrania hukutana na neno lilelile mara zote mbili na hutambua tofauti kwa kuangalia aliyetuma ni nani. Ndivyo ilivyo pia katika Mwanzo 32, ambapo Yakobo anakutana na malaika wa Mungu, kisha papo hapo anatuma wajumbe kwa Esau. Makerubi na maserafi, ambao ndio wanaoelezwa kuwa na mabawa, hawaitwi mal'akh hata mara moja katika Agano la Kale, jambo linalowashangaza wengi waliozoea picha za makanisani.

Angelos la Kigiriki lilibeba maana zote mbili vilevile, na ndiyo sababu Yakobo 2:25 inalitumia kwa wapelelezi waliopokewa na Rahabu. Kilatini ndicho kilichoanza kutenganisha, kikiweka nuntius kwa binadamu na angelus kwa wa mbinguni, ingawa si kila mahali. Malaika yetu tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao ni wingi wa malak, neno la mzizi uleule, nasi tukaipokea kwa maana ya kimbingu peke yake.

Tukirudi kwa Malaki, Hagai 1:13 inamwita nabii Hagai mal'akh wa Bwana, na Malaki 2:7 inampa kuhani cheo hichohicho, kwa hiyo jina peke yake haliwezi kumwondoa mtu katika ubinadamu. Swali lililowashughulisha wataalamu ni jingine: je, Malaki ni jina la mtu, au ni cheo kilichotokana na "mjumbe wangu" wa 3:1? Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, inasema katika 1:1 kwamba neno lilikuja kwa mkono wa "mjumbe wake", yaani haikulichukua kuwa jina. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, yupo mwalimu anayesema kwamba Malaki ndiye Ezra, aliyekuwa kuhani na mwandishi.