Unaanza fidla? Shughulikia mkono wa kulia kwanza

Karibu kila anayekuja kujifunza fidla hapa Unguja swali lake la kwanza ni vidole vinawekwa wapi. Vidole acha kwanza. Mkono wa kushoto unachagua noti tu. Sauti inatengenezwa na mkono wa kulia, ule wenye upinde. Ukiharakia wa kushoto utajua nyimbo tatu, na zote zitakwaruza.

Kwa hiyo wiki za mwanzo piga nyuzi tupu, yaani bila kuzibonyeza kwa vidole. Ziko nne, kutoka nene kwenda nyembamba: Sol, Re, La, Mi. La inawekwa kwenye hezi 440, na programu za simu zitakuonyesha. Pitisha upinde kati ya kidaraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, na mwisho wa ubao wa vidole, uvute polepole kutoka shikioni mpaka nchani, kisha urudishe. Fanya hivyo mbele ya kioo, maana mkono una uongo: unadhani unakwenda sambamba na kidaraja, kumbe upinde umeshakwenda mshazari na sauti imefifia. Mkwaruzo mzito maana yake umekandamiza mno. Mluzi mwembamba, umeelea tu juu ya uzi. Kidole gumba kikunje kidogo, kidole cha mwisho kikae juu ya ufito wa upinde. Upinde unashikwa kama kifaranga: asitoroke, asife.

Wengine hukata tamaa siku ya kwanza bila sababu. Upinde mpya hautoi sauti ya maana, kwa kuwa singa zake za mkia wa farasi zinateleza juu ya uzi mpaka zipakwe rozini, yaani utomvu wa msonobari uliogandishwa. Rozini mpya nayo haikamatii; ikwaruze kwa msasa kwanza. Ukimaliza kupiga, legeza singa.

Mtoto mnunulie saizi yake, ½ au ¾. Hiyo ya “atakua nayo” inamharibia bega na shingo.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina mambo yake. Masika vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba na kukaza. Kwenye chumba cha kiyoyozi vinateleza, na hapo chaki kidogo inasaidia. Usiache fidla ndani ya gari juani, gundi italainika na viungo vitaachia. Nyuzi badili mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja kidaraja kinaanguka, na kile kijiti kilichosimama ndani ya tumbo kinaweza kuanguka pia. Kukisimamisha ni kazi ya fundi, si ya kuchokonoa na waya.

Ukifika kwenye vidole, vibandiko vya ubaoni vya kuonyesha pa kuweka kidole ni sawa kwa kuanzia, ila vitoe mapema, hasa kama unataka taarab. Fidla haina vile vichuma vya gitaa vinavyogawa ubao, kwa hiyo inafikia hata noti zilizo katikati ya noti za kawaida, na ndiyo maana imeweza kukaa na ala kama udi na kanuni katika vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza 1905. Chukua makamu, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, ya Rast ikianzia Do. Noti yake ya tatu, kwenye uzi wa Re, iko nyuma kidogo ya kibandiko cha kidole cha kwanza, na programu ya simu itakwambia umekosea. Usiisikilize. Mwombe mpiga udi aipige noti hiyo, uiimbe mpaka ikukae sikioni, ndipo uitafute kwa kidole.