Maswali ya Wasomaji: Mwongozo wa Marejeo Unaoaminika

Swali: *Ndugu Mhariri, tunatunza mwongozo wa marejeo wa maktaba (mkusanyo wa msimbo ulio tayari kutumika) ya lugha ya programu ya Python. Mifano yote tuliijaribu siku tulipoiandika, lakini baada ya matoleo matatu wasomaji wanalalamika kwamba majibu yaliyochapishwa hayafanani na wanayoyapata. Je, tuipitie kwa macho kila toleo linapotoka?*

Jibu: Macho hayatoshi. Aliyeandika mfano akiusoma tena huona alichokusudia, si kilichoandikwa. Iachieni mashine kazi hiyo. Python huja na moduli ya `doctest`: mstari wa msimbo huanza na `>>>`, na jibu hufuata chini yake, kama mtu anavyouona kwenye skrini. Kisha endesheni `python -m doctest mwongozo.txt`. Ikikaa kimya, mifano yote imepita. Mkitaka kuona mmoja mmoja, ongezeni `-v`. Amri hiyo iwe miongoni mwa majaribio yanayoendeshwa kabla ya badiliko lolote kupokelewa, ili anayebadilisha fanksheni alazimike kurekebisha na mfano wake papo hapo.

Jiandaeni kwa usumbufu wa siku za kwanza, kwa sababu `doctest` hulinganisha herufi kwa herufi. Anwani ya kumbukumbu kama `0x7f…` hubadilika kila programu inapoendeshwa. Seti ya maneno huweza kuchapishwa kwa mpangilio tofauti leo na kesho, kwa hiyo onyesheni `sorted(seti)` badala ya seti tupu. Mstari mtupu ndani ya jibu huchukuliwa kuwa mwisho wa jibu. Mahali pake andikeni `<BLANKLINE>`. Mfano unaoonyesha kosa hauhitaji mlolongo mzima wa miito: mstari wa `Traceback (most recent call last):` na ule wa mwisho wenye aina ya kosa na ujumbe wake vinatosha. Chaguo la `ELLIPSIS` huruhusu nukta tatu zisimame badala ya kitu chochote. Litumieni kwa uchache, maana mfano unaokubali kila jibu haujathibitisha lolote.

Wanaotumia lugha nyingine wanazo njia zao. Katika Rust, `cargo test` huendesha pia mifano iliyo kwenye maelezo ya maktaba. Mfano unaohitaji mtandao upewe alama ya `no_run`, ambayo bado huupitisha kwenye kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine); `ignore` huuruka kabisa, na hapo ndipo uozo unapoanza. Rust pia huruhusu kuficha mstari kwa kuuanza na `#`. Ficheni maandalizi tu. Mkificha mstari wa `use` (unaoingiza majina kutoka maktaba) ambao msomaji anauhitaji, mfano utapita kwenu na kumkwamisha yeye. Katika Go, fanksheni ya mfano hukaa kwenye faili linaloishia na `_test.go`, na jina lake huanza na `Example`. Isipokuwa na maoni ya `// Output:` mwishoni, hupitishwa kwenye kompaila tu bila kuendeshwa, na wengi hudhani imejaribiwa kumbe haijawahi.

Swali: *Kidahizo kimoja cha fanksheni, yaani sehemu ya mwongozo inayoieleza, kiwe na nini? Wenzangu wanasema jina, parameta na mfano vinatosha.*

Jibu: Havitoshi, ingawa mpangilio ni mzuri. Mwongozo wa marejeo hufunguliwa kama kamusi: msomaji hutua katikati akiwa na swali moja, msimbo wake umesimama, na hana nia ya kusoma ukurasa uliotangulia. Kila kidahizo kijitegemee. Anza na saini kamili (jina la fanksheni pamoja na parameta zake), kisha sentensi moja inayosema fanksheni inafanya nini, halafu parameta moja moja: aina yake, thamani yake ya msingi na mipaka yake. Fuatisha kinachorudishwa, makosa yanayoweza kutolewa na sababu ya kila moja, kisha mfano.

Linalosahaulika sana ni mipakani, na humo ndimo msomaji anamopotelea. Kwa kila fanksheni jiulize: nikiipa kitu kitupu? Sifuri? Namba hasi? Namba ya mwisho imo au haimo? `range(1, 5)` hutoa 1, 2, 3 na 4. Tano haimo, na mwongozo lazima useme hivyo kwa maneno. `"".split()` hurudisha orodha tupu `[]`, lakini `"".split(" ")` hurudisha `['']`, yaani orodha yenye kipengele kimoja kitupu. `round(2.5)` katika Python 3 ni 2, ilhali `round(3.5)` ni 4, kwa sababu nusu kamili huelekezwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Asiyeambiwa haya ataamini amegundua hitilafu. Katika JavaScript, `[10, 9, 1].sort()` hutoa 1, 10, 9, kwa kuwa bila fanksheni ya kulinganisha vipengele hulinganishwa kama maandishi. Sababu hiyo ni nusu ya sentensi tu, na humwokolea msomaji saa nzima.

Chunga na vitenzi. “Hupanga orodha” haitoshi: je, hubadilisha orodha yenyewe, au hutengeneza nyingine? Andika “hupanga orodha hiyohiyo na kurudisha `None`” kwa `list.sort()`, na “hurudisha orodha mpya iliyopangwa” kwa `sorted()`. Vivyo hivyo, `find` na `index` za maandishi hutafuta kitu kilekile, ila kisipopatikana ya kwanza hurudisha -1 na ya pili hutoa `ValueError`. Kila moja ya vidahizo hivyo iutaje mwenzake.

Swali: *Nimejaribu kitu mara nyingi na kila mara kinatoa jibu lilelile. Je, niandike kwamba ndivyo kilivyo?*

Jibu: Jaribio huonyesha kilichotokea. Mwongozo hutoa ahadi, na msomaji atajenga juu ya ahadi hiyo. Chukua kamusi za Python (aina ya data ya `dict`): katika toleo la 3.6 la CPython, utekelezaji mkuu wa lugha hiyo, zilianza kutunza mpangilio wa kuingizwa, lakini lilikuwa suala la utekelezaji tu. Ni toleo la 3.7, la mwaka 2018, lililoifanya kuwa kanuni ya lugha. Mwandishi ambaye angeitangaza kama kanuni kwenye 3.6 angekuwa ameahidi kitu ambacho lugha haikuwa imekiahidi, hata kama kila jaribio lake lilikubali.

Kiwango cha lugha ya C kimeligawanya jambo hili vizuri, na inafaa kuiga mgawanyo huo hata kwenye maktaba ndogo. Kuna yasiyobainishwa: mpangilio wa kukokotoa parameta za mwito mmoja unaweza kuwa wowote. Kuna yanayoachiwa mtekelezaji, ambaye analazimika kueleza alichochagua, kama kusogeza kulia biti za namba hasi. Na kuna yasiyo na maana yoyote iliyowekwa, kama namba kamili yenye alama kufurika, yaani kuzidi ukubwa ambao aina yake inaweza kubeba. Hapo programu haina haki ya kutarajia lolote. Chagua maneno machache (“lazima”, “huweza”, “haijaahidiwa”), yaeleze mwanzoni mwa mwongozo, na usiyabadilishe kwa ajili ya kupamba lugha. Kurudia neno lilelile hapa ni sifa njema.

Swali: *Yote yamo mwongozoni, lakini watu wanasema hawayaoni.*

Jibu: Tazama faharasa. Iwe na alama pia: mtu aliyekutana na `//` hajui jina lake. Weka maneno wanayotoka nayo kwenye lugha nyingine, na ujumbe wa kosa neno kwa neno, maana ndio wanaounakili kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukitumia Sphinx, programu ya kujenga miongozo, `sphinx-build -b linkcheck` hukagua viungo vya nje, nayo `-n` pamoja na `-W` huufanya ujenzi ushindwe rejeo la ndani linapokosa shabaha.

Swali: *Moduli ikiondolewa kwenye lugha, tufute ukurasa wake?*

Jibu: Msiufute. Msimbo wa zamani bado unasomwa, na anayekutana na `import imp` anahitaji kujua kwamba moduli hiyo iliondolewa Python 3.12 na kwamba mrithi wake ni `importlib`. Bakizeni anwani ileile, mistari miwili ya maelezo, na kiungo cha kidahizo kipya. Kwa kilichopitwa na wakati lakini bado kipo, kama `datetime.utcnow()`, andikeni onyo juu kabisa, kabla ya saini, likitaja toleo lililoanza kukikataza na msimbo wa kuweka badala yake: `datetime.now(timezone.utc)`.