Linda laini yako na kitambulisho chako, hata kabla ya kadi ya benki

Ukienda kusajili laini na yule kijana wa mwavuli, wakala wa laini wa barabarani, akakuambia kidole kimekataa, weka tena, haya weka kingine, simama hapo hapo umuulize cha kwanza kimekataa kwa nini na umwambie akugeuzie skrini uone. Mara nyingine kweli mashine inasumbua, lakini kuna wanaotumia ujanja huo kusajili laini ya pili na ya tatu kwa NIN yako, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, halafu zinauzwa zikiwa tayari zina jina, na siku zikitumika kutapeli mtu huko Mbarara au Lira, polisi wakifuatilia jina wanalolikuta ni lako wewe uliye Busia hapa Uganda unauza nyanya zako na hujui lolote.

Mimi nimekaa kwenye kibanda cha pesa za simu hapa Busia miaka mingi, mambo haya nayaona kwa macho, na yananiuma kwa sababu wanaoumia ni watu wa kawaida kabisa, mama za watu, wazee waliouza ng'ombe mmoja ili mtoto arudi shule. Kwa hiyo naomba mnisikilize kuhusu hii laini. Siku hizi laini ndiyo inashika kila kitu: MoMo ya MTN au Airtel Money iko hapo, kodi za benki, yaani zile namba za kuthibitisha, zinaingia hapo, WhatsApp iko hapo, na mikopo kama MoKash na Wewole inakopwa hapo hapo. Mtu akishika laini yako na namba yako ya siri anaweza hata kukopa kwa jina lako, deni libaki kwako na jina lichafuke kwa CRB, wale wanaotunza rekodi za mikopo, ukienda kuomba mkopo wa biashara unaambiwa una deni ambalo hulijui.

Nenda ofisi ya kampuni ya simu yenyewe, sio kwa mwavuli, ukiwa na kitambulisho chako, waombe wakuangalizie ni namba zipi ziko kwa jina lako. Ile usiyoijua waifunge ukiwa umesimama pale.

Halafu funga simkadi yenyewe. Watu wengi wameweka namba ya siri kwenye simu tu, lakini mwizi akikupokonya simu dirishani ukiwa ndani ya taksi kwenye jam ya Kampala, anatoa laini anaiweka kwenye simu nyingine na kodi zote zinaanza kuingia kwake. Kwenye setingi za simu kuna mahali pa kufunga simkadi kwa PIN, ukiifunga haifanyi kazi kwenye simu yoyote mpaka hiyo PIN iwekwe. Piga kwanza 100 uulize PIN ya mwanzo ni gani, usibahatishe, manake ukikosea mara tatu inajifunga inataka PUK, namba ya kuifungulia.

Na ukiona mtandao umepotea ghafla kwako wewe tu, wenzako wa kampuni hiyo hiyo pembeni wanapiga simu vizuri, usikae ukizima na kuwasha simu mpaka asubuhi. Inawezekana kuna mtu ame-swap laini yako, yaani amehamishia namba yako kwenye simkadi yake. Azima simu, piga 100 laini ifungwe, halafu piga benki yako wafunge akaunti isitumike kwa simu, hata kama ni usiku.

Meseji za uongo nazo zimezidi. Kuna mama mmoja mteja wangu alikuja mbio na mtoto mgongoni, anataka kutuma 380,000 kwa mtu aliyempigia analia kwamba ametuma kimakosa pesa za hospitali. Meseji ilikuwepo kweli, imeandikwa vizuri kabisa na jina lake. Nikamwambia mama, weka *165# uangalie salio kwanza. Salio lilikuwa 12,400. Ile meseji ilitoka kwa namba ya mtu wa kawaida, na pesa aliyotaka "kurudisha" ilikuwa ni pesa ya kikundi chao cha wanawake aliyoibeba mkononi. Airtel ni *185#, angalia salio hapo kabla hujatuma chochote, na hata kama pesa imeingia kweli mwambie aliyetuma apigie kampuni irudishwe na wao. Hiyo sio roho mbaya.

Vivyo hivyo WhatsApp, mtu yeyote hata awe shemeji yako akikuambia nimekutumia kodi ya namba sita kimakosa nirudishie, usitume. Hiyo kodi ndiyo ya kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake, na huyo shemeji pengine ameshaibiwa ya kwake. Weka ile PIN ya pili ya WhatsApp leo, iko kwenye setingi za akaunti.

Fotokopi za kitambulisho tunazimwaga ovyo sana, kwa mwenye nyumba, kwa mawakala wa kazi za Dubai na Saudi, hata picha ya pasipoti tunaituma kwa mtu hatujawahi kumwona. Mimi nikitoa kopi naandika kwa kalamu juu yake, katikati kabisa, "ya kupanga nyumba tu" na tarehe. Kopi ya namna hiyo ni ngumu kuipeleka kwingine.

Kadi ya benki yenyewe, isitoke machoni pako, kwenye petroli au hotelini mwambie alete mashine hapo ulipo. Zile namba tatu za nyuma zikipigwa picha pamoja na namba za mbele mtu anaweza kununua vitu mtandaoni, kwa hiyo zikariri halafu bandika kitu juu. Kama unanunua mtandaoni tumia akaunti ya pembeni yenye pesa kidogo, sio ile ya mshahara.

Ukishaibiwa, funga kadi kwa simu kwanza halafu andika barua benki wagonge muhuri kwenye kopi yako, uende polisi ufungue kesi wakupe namba ya kumbukumbu, sheria ya Computer Misuse ya 2011 inaugusa wizi huu. Benki wakikuzungusha, peleka malalamiko Benki Kuu ya Uganda pamoja na ile kopi yenye muhuri.